Abraham de Moivre: Mkimbizi aliyefumbua fumbo la bahati

WACHEZA kamari wa jiji la London katika karne ya 18 walipotatizwa na swali la bahati, walijua pa kwenda. Walielekea katika mkahawa wa Slaughter's, mtaani St Martin's Lane, ambako Mfaransa mmoja mwenye umri mkubwa alikuwa akiketi kuwasubiri wateja.

Huyo ndiye Abraham de Moivre, mmoja wa mabingwa wa hisabati wa zama zake. Kwa ada ndogo aliwakokotolea watu uwezekano wa kushinda au kushindwa, na kuwashauri waliofanya biashara ya bima na ya malipo ya uzeeni.

Jina lake halivumi kama la Isaac Newton aliyekuwa rafiki yake. Hata hivyo, mwanafunzi anayerusha sarafu darasani ili ajifunze uwezekano, kampuni ya bima inayopanga ada za wateja na mtafiti anayekusanya kura za maoni, wote hao hutumia kanuni zilizopitia mikononi mwake.

Alizaliwa Mei 26, 1667, katika mji mdogo wa Vitry-le-François, jimbo la Champagne, Ufaransa. Baba yake alikuwa tabibu wa upasuaji, na familia ilikuwa ya Wahugenoti, yaani Wafaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti katika nchi ambayo mfalme na raia wengi walikuwa Wakatoliki.

Wakati huo Waprotestanti walikuwa wangali na kinga ya sheria. Amri ya Nantes, iliyotolewa na Mfalme Henri wa Nne mwaka wa 1598, iliwaruhusu kuabudu na kuendesha shule zao katika sehemu kadhaa za nchi. Kinga hiyo, hata hivyo, ilikuwa ikipunguzwa mwaka baada ya mwaka.

Akiwa na umri wa miaka 11, de Moivre alipelekwa katika chuo cha Waprotestanti mjini Sedan, alikosomea Kigiriki. Serikali ilipokifunga chuo hicho, alihamia Saumur kusomea mantiki. Hisabati haikuwa somo lake rasmi, ila aliisoma kwa siri ya moyo wake, kitabu baada ya kitabu.

Miongoni mwa maandishi aliyoyasoma peke yake ni kijitabu cha mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens, kilichochapishwa mwaka wa 1657. Kilihusu hesabu za michezo ya bahati. Kijana huyo hakujua kwamba somo hilo lingekuja kuwa kazi ya maisha yake na tonge lake la kila siku.

Baadaye alikwenda Paris, akafundishwa hisabati na Jacques Ozanam. Hapo ndipo msiba ulipomkuta.

Mnamo Oktoba 1685, Mfalme Louis wa 14 aliifuta Amri ya Nantes. Makanisa ya Waprotestanti yakabomolewa, shule zao zikapigwa marufuku na wachungaji wao wakafukuzwa nchini. Watu wa kawaida walikatazwa kuondoka, lakini maelfu kwa maelfu walitoroka kwenda Uholanzi, Ujerumani, Uswisi na Uingereza.

De Moivre, akiwa kijana wa miaka 18, alizuiliwa katika nyumba ya watawa ya Saint-Martin jijini Paris ili ashawishiwe kuikana imani yake. Hakuikana. Kabla ya miaka ya 1680 kumalizika, alikuwa amevuka bahari na kufika London pamoja na ndugu yake Daniel. Hakuishi tena Ufaransa hadi kufa kwake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la de Moivre lilikuwa hisabati. Aliajiriwa na familia tajiri kuwafunza watoto wao, akawa anatembea kutoka nyumba moja hadi nyingine, kutwa nzima, katika barabara za jiji lile kubwa.

Inasimuliwa kwamba siku moja, katika nyumba ya Mtemi wa Devonshire, alikiona kitabu kipya cha Newton kuhusu nguvu za maumbile kilichochapishwa mwaka wa 1687. Alipokifungua alidhani angekielewa upesi, kumbe kilimshinda. Alinunua nakala yake, akazichana kurasa na kuzitia mfukoni, akawa anazisoma moja moja njiani alipokuwa akitoka kwa mwanafunzi mmoja kwenda kwa mwingine.

Bidii hiyo ilizaa matunda. Mwaka wa 1692 alifahamiana na mtaalamu wa nyota Edmond Halley, ambaye mwaka wa 1695 aliiwasilisha makala yake ya kwanza mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza. Mwaka wa 1697 de Moivre alichaguliwa kuwa mwanachama wa jumuiya hiyo. Newton naye akawa rafiki yake wa karibu, na yasemekana kwamba uzeeni mwake, kila alipoulizwa swali gumu la hisabati, alimwelekeza muulizaji kwa de Moivre, akidai kwamba Mfaransa huyo aliyajua mambo hayo kumshinda yeye.

Sifa, hata hivyo, hazikumletea kazi. Alitamani kiti cha uprofesa katika chuo kikuu, akaomba msaada wa wasomi wa Bara Ulaya, akiwemo Johann Bernoulli wa Uswisi, ili wamwombee nafasi kokote. Juhudi hizo zote ziligonga mwamba. Vyuo vya Uingereza havikuwa na nafasi kwa mgeni asiye na jamaa wala mdhamini mkubwa. Hivyo akabaki mwalimu wa kuhamahama na mshauri wa mkahawani.

Ni katika hali hiyo ndipo alipoanza kuichunguza bahati kwa makini. Mwaka wa 1711 alichapisha makala ndefu ya Kilatini kuhusu somo hilo katika jarida la Jumuiya ya Kifalme. Mwaka wa 1718 aliipanua na kuitoa kwa Kiingereza kama kitabu alichokiita The Doctrine of Chances, akakitunukia Newton.

Ili kuelewa uzito wa kitabu hicho, ni vyema kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Hadi katikati ya karne ya 17, watu wengi waliamini kwamba bahati haina kanuni. Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1654, wataalamu wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walipoandikiana barua kuhusu maswali ya mchezaji mmoja mashuhuri, Chevalier de Méré.

Bwana huyo alijua kwamba dadu moja ikirushwa mara 4, kuna faida kidogo kubashiri kwamba sita itatokea angalau mara moja. Uwezekano wake ni takriban asilimia 51.8. Basi akafikiri kwamba, kwa vile dadu mbili zina matokeo 36, mara sita ya yale ya dadu moja, akizirusha mara 24 atapata faida iyo hiyo kwa kubashiri sita mbili kwa pamoja. Alikosea. Kwa mara 24 uwezekano ni asilimia 49.1 tu. Ni hadi mrusho wa 25 ndipo unapovuka nusu.

Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa macho ya mtu wa kawaida, lakini kwa anayecheza usiku kucha ndiyo inayoamua nani ataondoka na mali na nani ataondoka mikono mitupu.

De Moivre aliyachukua maswali ya aina hiyo, yaliyokuwa yakijibiwa moja moja, akayatafutia kanuni za jumla. Alianza na msingi ambao hadi leo ndio mlango wa somo la takwimu. Uwezekano wa jambo ni akisami: idadi ya njia zinazolileta jambo hilo, ikigawanywa kwa idadi ya njia zote zinazoweza kutokea. Dadu ina nyuso sita, kwa hivyo uwezekano wa kupata sita ni moja ya sita.

Iwapo matukio mawili hayategemeani, akisami zake huzidishwa. Uwezekano wa sita mbili ni moja ya sita mara moja ya sita, yaani 1/36. Lakini iwapo tukio la pili linategemea la kwanza, hesabu hubadilika. Katika karata 52 mna kopa 13. Mchezaji akishachukua kopa moja bila kuirudisha, zinasalia 12 katika 51, na ni akisami hiyo mpya inayopaswa kutumiwa. De Moivre ndiye aliyeipambanua tofauti hii kwa uwazi ambao waliomtangulia hawakuufikia.

Aidha, aliwapa wachezaji kanuni nyepesi ya kukadiria ni mara ngapi mtu ajaribu ndipo awe na nusu kwa nusu ya kufanikiwa angalau mara moja. Hesabu idadi ya njia za kukosa kwa kila njia moja ya kupata, kisha uizidishe kwa 0.7. Kwa sita mbili, kuna njia 35 za kukosa dhidi ya moja ya kupata. Ukizidisha unapata 24.5, yaani kati ya mara 24 na 25. Swali lililomsumbua Chevalier likajibiwa kwa mstari mmoja.

Kanuni iyo hiyo aliitumia kwa bahati nasibu ya mwaka wa 1710, ambayo ilikuwa na tiketi 39 tupu kwa kila tiketi moja yenye zawadi. Ili mtu awe na nusu ya uwezekano wa kupata angalau zawadi moja, alipaswa kununua tiketi 27 au 28. Mnunuzi wa tiketi moja au mbili aliyejiona yu karibu na utajiri alikuwa akijidanganya.

Hapa ndipo ilipo sehemu ya kitabu iliyokuwa na makali zaidi. De Moivre alikuwa akiishi kwa ada za wacheza kamari, lakini alitaka kuwatibu ushirikina wao. Wengi waliamini kwamba kuna watu waliozaliwa na bahati, au kwamba aliyeshindwa mara tano mfululizo sharti ashinde mara ya sita. Yeye alieleza kwamba bahati si kitu chenye uhai wala nguvu. Dadu haina kumbukumbu. Mrusho wa sita una uwezekano ule ule uliokuwa katika mrusho wa kwanza, hata kama mchezaji ameshauza shati lake.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilihusu jambo linaloweza kutokea kwa njia mbili tu, kama vile sarafu kuanguka kwa kichwa au kwa upande wa pili, au mtoto kuzaliwa wa kiume au wa kike. Sarafu ikirushwa mara tatu, kuna matokeo 8. Kati ya hayo, moja halina kichwa hata kimoja, matatu yana kimoja, matatu yana viwili na moja lina vitatu. Orodha hiyo ya moja, tatu, tatu, moja ndiyo wataalamu huiita mtawanyo wa bainomia.

Ikirushwa mara 10, matokeo ni 1,024, na kati yake 252 yana vichwa vitano barabara. Hiyo ni takriban robo. Kadiri mirusho inavyozidi, ndivyo uwezekano wa kupata nusu kamili unavyopungua, lakini ndivyo matokeo yanavyozidi kukusanyika karibu na nusu. Sarafu ikirushwa mara 100, uwezekano wa kupata vichwa 50 kamili ni chini ya asilimia 8, ilhali ule wa kupata kati ya 40 na 60 ni zaidi ya asilimia 96.

Jakob Bernoulli wa Uswisi, kakake Johann, alikuwa ameshathibitisha kwamba majaribio yakiwa mengi, uwiano hukaribia ukweli. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Tatizo ni kwamba hesabu zake zilidai majaribio mengi kupita kiasi. Katika mfano wake mmoja yalihitajika 25,550.

De Moivre alitaka kujua kwa usahihi matokeo hukaribia kiasi gani. Kikwazo kilikuwa ukubwa wa tarakimu. Sarafu ikirushwa mara 3,600, idadi ya matokeo yote ni nambari yenye tarakimu zaidi ya 1,000, na hakuna binadamu angeweza kuyajumlisha moja moja kwa kalamu na karatasi. Alilishughulikia tatizo hilo kwa miaka mingi, hadi akapata njia ya mkato.

Mnamo Novemba 12, 1733, alichapisha jibu lake katika kijikaratasi cha Kilatini chenye kurasa saba, akawagawia marafiki wachache tu. Alionyesha kwamba kipimo cha kutawanyika kwa matokeo hutokana na kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio. Kipeuo cha pili cha 3,600 ni 60, na nusu yake ni 30. Basi uwezekano wa vichwa kuwa kati ya 1,770 na 1,830, yaani 30 chini au juu ya nusu, ni takriban asilimia 68. Mpaka ukiongezwa maradufu na kuwa 60, uwezekano hufika asilimia 95. Ukifanywa 90, ni zaidi ya asilimia 99.

Mchoro wa hesabu hiyo ni ule mstari wenye umbo la kengele unaojulikana na kila msomaji wa takwimu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kanuni yake kuandikwa.

Umuhimu wake unaonekana hata nchini Kenya kila msimu wa uchaguzi. Watafiti wanapowahoji watu 1,000 waliochaguliwa bila upendeleo na kutangaza kwamba matokeo yanaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 3, mpaka huo unatokana na kipeuo kile cha de Moivre. Na wakitaka kuupunguza hadi nusu, hawana budi kuwahoji watu 4,000, wala si 2,000.

Isitoshe, hesabu zake hazikuishia kwenye michezo. Enzi hizo serikali na watu binafsi waliuza mikataba ya malipo ya kila mwaka: mnunuzi alitoa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, kisha akalipwa kiasi fulani kila mwaka hadi kufa. Bei zilipangwa kwa kukisia, na aliyekisia vibaya alifilisika au alimpunja mwenzake, mara nyingi mjane au mzee asiye na kipato kingine.

Halley alikuwa ametayarisha jedwali la vifo mwaka wa 1693 kutokana na rekodi za mji wa Breslau. Mwaka wa 1725 de Moivre alichapisha kitabu kuhusu malipo hayo, akirahisisha jedwali hilo. Alichukulia kwamba kuanzia umri wa miaka 12, idadi ile ile ya watu hufa kila mwaka hadi wote waishe kufikia miaka 86. Kwa mfano, kati ya watu 50 wenye umri wa miaka 36, mmoja angekufa kila mwaka kwa miaka 50, na kwa wastani kila mmoja angekuwa na miaka 25 ya kuishi. Haukuwa ukweli kamili, lakini ulitosha kuwapa wauzaji na wanunuzi bei ya haki, na vitabu vya aina hiyo vikawa msingi wa biashara ya bima ya maisha.

Pamoja na hayo yote, mwandishi wake aliendelea kuishi maisha ya kubanana. Hakuoa. Aliendelea kufundisha na kuketi mkahawani hata miguu ilipoanza kuchoka. Mwaka wa 1742 mwanahisabati kijana, Thomas Simpson, alitoa kitabu cha bei nafuu kuhusu malipo hayo ya maisha, na mzee huyo akakasirika, akiona kwamba mkate wake unanyakuliwa. Ugomvi huo si wa fahari tu. Ulikuwa wa mtu ambaye vitabu vyake vilikuwa sehemu ya riziki yake.

Heshima za kigeni zilimfikia kwa kuchelewa. Mwaka wa 1735 alichaguliwa na Chuo cha Sayansi cha Berlin. Mnamo Juni 1754 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpa uanachama. Nchi iliyomfungia na kumkimbiza akiwa kijana ilimtambua akiwa na miaka 87, imesalia miezi mitano tu ya uhai wake.

Alifariki jijini London mnamo Novemba 27, 1754. Kuna hadithi iliyoenea kwamba aligundua alikuwa akilala kwa dakika 15 zaidi kila usiku, akakokotoa siku ambayo usingizi wake ungefika saa 24, na siku hiyo ndiyo aliyokufa. Huenda hadithi hiyo ilitiwa chumvi na waliomstahi, lakini ni kweli kwamba katika siku zake za mwisho alikuwa akilala kwa muda mrefu mno.

Toleo la tatu la kitabu chake lilichapishwa mwaka wa 1756, baada ya kifo chake. Kile kijikaratasi cha mwaka wa 1733 kilipotea machoni pa watu. Wataalamu Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa na Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani waliiendeleza hesabu ile katika karne ya 19, na sifa zote zikawaendea wao. Ni mwaka wa 1924 ndipo Mwingereza Karl Pearson alipokifukua na kumrejeshea de Moivre haki yake.

Maisha yake yalithibitisha jambo alilolifundisha. Kanuni za uwezekano husema kweli kuhusu watu wengi kwa pamoja, lakini hazimwahidi mtu mmoja chochote. Majedwali yake yalikuwa na manufaa kwa maelfu ya wanunuzi na wauzaji, lakini yeye mwenyewe, aliyekuwa ameweka miaka 86 kuwa mwisho wa uhai wa binadamu, aliupita mpaka huo kwa zaidi ya mwaka mzima.